Chupa Zilizokuwa Safi Mno

Jumapili, mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri, na sasa ni saa kumi jioni bado inanyesha.

Kanisani sijaenda. Niliwatumia wenzangu wa kwaya ujumbe kwamba kichwa kinanigonga. Uongo. Kichwa ni kizima kabisa, uso ndio sina.

Shajara yangu ya mtandaoni, wewe umenivumilia nikijisifu wiki tatu nzima. Ukurasa huu umejaa picha za yule samaki: samaki akiwa mifupa ya nondo tu, samaki ana kichwa hana mkia, mimi nimesimama kando yake na koleo mkononi, nimebinua midomo. Uliyapokea hayo yote bila kulalamika. Basi na hili lipokee.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: naitwa Atuganile, watu huniita Atu. Ni msanii wa sanamu, ingawa kuchonga sichongi, mimi naunganisha. Naishi Kyela mjini, nyuma ya gereji, na kazi zangu nazitengeneza kwa vitu vilivyotupwa: waya wa ndani ya matairi, mabeseni yaliyopasuka, ndala za mguu mmoja, mabati yaliyooza. Huyu samaki ni mbasa, yule mkubwa wa ziwani, ila wangu ana urefu wa mita tano. Kila gamba lake ni chupa nzima ya maji, ya plastiki, imetobolewa matundu mawili kwa msumari wa moto na kupitishiwa waya. Chupa kama elfu mbili hivi. Jua likimpiga anawaka, mpaka watu wa Matema, alikoonyeshwa mara ya kwanza, walimzunguka wakimpapasa.

Kesho asubuhi lori linakuja kumchukua kumpeleka Dar es Salaam, kwenye maonyesho ambayo nimeyatamani tangu niko chuo. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho waandaaji wanakidai kwangu: maneno ya kibao kitakachowekwa mbele yake. Mistari michache ya kueleza ametengenezwa kwa vitu gani na vilitoka wapi. Nilikwishaandika tangu wiki iliyopita: "Taka za mji wa Kyela, zilizookotwa na watoto wa Kyela." Nikaona nimeua. Bado sijatuma, na tangu jana siwezi kuituma.

Jana mchana mvua ilinikuta sokoni nikakimbilia kibarazani kwa Mzee Omari. Ni mwenye duka la jumla karibu na stendi, mtu wa asili ya Kilwa aliyezeekea hapahapa, mkarimu, na hapendi kunyamaza. Aliponiona akafurahi kupita kiasi, akaniletea stuli.

"Binti yangu," akasema, "samaki wako ana baraka. Maji yananitoka dukani katoni kwa katoni. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Nikacheka, nikidhani ni maneno ya kumfurahisha msanii. Kisha nikamwona Mama Tusa.

Mama Tusa anauza mawese pale stendi, miaka na miaka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kibaraza na katoni mpya ya maji kati ya miguu yake. Anafungua chupa, anaipindua, maji masafi yanamwagika mtaroni na kwenda na maji ya mvua. Anashika nyingine. Alifanya hivyo kwa haraka, bila hasira, kama mtu anayenyonyoa kuku. Alipomaliza katoni akazifuta midomo kwa ncha ya khanga, akaanza kuzijaza mawese kutoka kwenye dumu lake.

Akainua macho, akaniona.

"Ndaga fijo, mama wa samaki."

Asante sana, ndivyo alivyosema. Wala hakuwa ananishukuru.

Niseme jambo ambalo kila mtu wa huku analijua, na ambalo mimi nililifahamu kabla sijajua kusoma. Kyela chupa ya maji ikishatumika si taka. Akina mama wanaokamua mawese hawana chombo kingine cha kuuzia. Abiria wa basi hawezi kupanda na ndoo ya mafuta, dereva wa lori anayevuka Kasumulu kwenda Malawi hatabeba dumu, lakini chupa ya lita moja iliyokazwa kizibo kila mtu anaichukua. Kwa hiyo chupa zinaokotwa, zinaombwa kwenye nyumba za wageni, zinawekewa mchanga na maji ya moto na kutikiswa, zinasuuzwa, kisha zinapinduliwa kwenye vijiti vya uzio zikauke. Pita kijijini Talatala kiangazi uone uzio umezaa chupa.

Mimi nimekulia nyuma ya uzio wa namna hiyo. Mama yangu alipofariki nilikuwa darasa la pili, nikachukuliwa na mdogo wake, mama mdogo, ambaye anakamua mawese hadi leo. Kazi yangu ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa kunusa. Chupa iliyowahi kubeba mafuta ya taa, au gongo, au dawa ya shambani, haiondoki harufu hata uioshe mara saba, na ikijazwa mawese mteja harudi tena. Basi kila chupa ilipita puani kwangu kwanza. Sikukosea. Mama mdogo alikuwa akinisifu kwa majirani.

Sasa nikwambie zilivyopatikana.

Nilianza vizuri. Nilizunguka na kiroba wiki mbili, mitaroni, stendi, nyuma ya baa. Nikapata chupa za kutosha kichwa cha samaki na shavu moja. Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza: mji unakunywa maji yote haya, chupa zinakwenda wapi? Mimi nikakasirika. Nikasema watu wa Kyela hawataki kuniunga mkono. Siku za maonyesho ya Matema zilikuwa zinakaribia, na jina langu lilikwishatangazwa.

Nikaenda kwenye shule tatu za msingi. Nilipewa nafasi mstarini, nikazungumza juu ya ziwa, juu ya samaki wanaomeza plastiki, nikaonyesha michoro. Watoto walinipigia makofi. Kisha mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikasema: "Jumatatu kila mmoja alete chupa kumi." Walimu wakaandika ubaoni.

Sisi tuliosoma shule hizi tunajua agizo la aina hiyo. Ukiambiwa lete fagio, unaleta fagio. Ukiambiwa lete jembe, unabeba jembe la bibi hata kama bibi anakwenda shamba. Asiyeleta anabaki mstarini. Hakuna mtoto anayekwenda kuokota mtaroni Jumapili jioni wakati uzio wa nyumbani umejaa.

Jumatatu nikaenda na guta kuchukua viroba. Nilifungua cha kwanza pale pale uwanjani. Chupa ziling'aa. Zilikuwa kavu ndani na zimefungwa vizibo. Taka haziji zimefungwa vizibo. Nikachukua moja, nikafungua, nikainusa.

Mawese. Kwa mbali, chini ya harufu ya sabuni.

Nilijua.

Sitaki kuandika hapa kwamba nilishuku, au kwamba kitu kiliniambia. Nilijua saa ileile, nimesimama katikati ya uwanja na watoto wananitazama. Nikafunga kizibo, nikairudisha kirobani, nikasema, "Ahsanteni sana wanangu, mmeokoa ziwa letu." Tena moyoni nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu sikuwa na haja ya kuziosha.

Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi ya zote.

Siku nane zilizofuata nilitoboa. Jiko la mkaa, misumari sita inapokezana motoni, matundu mawili kila chupa. Plastiki ikiungua inatoa moshi mchungu wa kuwasha macho, nikawa nafunga kitambaa puani. Nilijiambia watapata nyingine. Nilijiambia chupa zimejaa dunia nzima. Kila nilipopitisha msumari nilijua kwamba chupa ile haitashika tena hata maji ya kunawa, na niliendelea, kwa sababu samaki alikuwa anapendeza.

Na taka zenyewe, zile za kweli? Niliziruka mitaroni nikienda kununua mkaa. Chupa za dawa za kokoa na mpunga, pakiti za pombe kali, mifuko iliyooza. Nilijaribu kuziweka chache kwenye tumbo la samaki, zikanuka, rangi zikaharibu mng'ao, nikazitoa na kuzirudisha nilikozikuta. Ndiyo, nilizirudisha mtaroni. Msanii wa mazingira.

Siku ya Matema mama mdogo alikuja. Alipanda bodaboda mpaka mjini, akaunga gari, akavaa kitenge chake kipya. Mgeni rasmi alisema samaki huyu ameusafisha mji wetu, watu wakashangilia, mimi nikainama kama nimeshikwa na aibu ya sifa. Baadaye mama mdogo alimkaribia samaki peke yake. Alizunguka upande wa mkia, akaweka kidole gumba juu ya kizibo kimoja, kisha kingine. Nikamfuata nikidhani atanikumbatia.

"Umezitoboa zote?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Akala pilau na wenzake, akaondoka kabla ya ngoma. Nilijidanganya kwamba amechoka na safari.

Tangu siku hiyo nilikwepa kwenda kwake. Nilikuwa na shughuli nyingi, si unajua, msanii. Nilikuwa najibu simu za Dar.

Turudi kibarazani kwa Mzee Omari. Mama Tusa hakuniacha na ile asante yake tu. Aliendelea kujaza chupa huku anazungumza, hata sauti hakupandisha. Alisema wenzake karibu wote siku hizi wananunua maji kwa ajili ya chupa, na asiyeweza kununua anauza mafuta kwa ndoo kwa wachuuzi wa malori, kwa bei wanayoitaka wao. Nikahesabu kichwani katoni nilizoziona zinatoka dukani ndani ya saa moja. Plastiki mpya, ya kiwandani, inaingia Kyela kwa sababu yangu mimi niliyesimama mbele ya watoto nikalilia ziwa.

Kisha akasema habari ya mwanawe. "Wa kwangu alichapwa shuleni kwa sababu alipeleka saba. Aliporudi nikamchapa mimi kwa sababu zilikuwa zangu." Akakaza kizibo. "Siku ile sikujua ni agizo lako. Nilidhani mtoto kaniibia. Mpaka leo hanisemeshi vizuri."

Mzee Omari akainuka, akaingia dukani. Nami nikaondoka mvua ikiwa inanyesha vilevile.

Kwa hiyo leo asubuhi, wakati wenzangu wanaimba, nilikuwa nyuma ya bodaboda njiani kwenda Talatala. Nimefika nimelowa mpaka mifupani. Mama mdogo alikuwa ametoka ibada ya kwanza, amebadili nguo, anachochea moto jikoni. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uzio. Vijiti vitupu, mwanzo hadi mwisho. Katika maisha yangu yote sijawahi kuuona uzio ule ukiwa mtupu. Na mapipa yake mawili ya mafuta, yaliyokuwa yakikaa kona ya jikoni hadi mwezi wa sita, yalikuwa yamepinduliwa. Alikwishauza yote kwa ndoo.

"Karibu mwanangu. Umelowa. Sogea motoni."

Nikasogea. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, maneno yote ninayo. Na unajua nini kilichotoka?

"Mama, zile chupa... mimi sikujua kama—"

"Atu." Hakuniangalia, alikuwa anasukuma kuni. "Pua hiyo niliifundisha mimi."

Nililia. Nalisema hivyo hivyo, bila kulipamba: nililia kwa sauti, mtu mzima, na yeye akaniacha nilie mpaka nimalize. Hakunibembeleza wala hakunisema. Alipakua ndizi na samaki, akaweka sahani mbele yangu, akaniambia nile zisipoe. Nikala nimeinamisha kichwa. Zilikuwa tamu, na hilo nalo likaniumiza.

Nilipopata sauti nikamwambia mambo yote. Kwamba nilinusa Jumatatu ileile uwanjani. Kwamba nilifurahi. Kwamba kesho lori linakuja na naweza kulirudisha, nimvunje samaki, nisimpeleke popote.

"Umvunje ili iweje? Matundu yatajiziba?"

Nikajaribu tena. Nilikuwa na wazo lingine, na nililiona zuri, nilikuwa nimelificha kama zawadi. Nikamwambia kwenye kibao nitaandika majina yao, yeye na Mama Tusa na wenzao wote, majina kamili. Niandike kwamba samaki huyu ametokana na mchango wa akina mama wa mawese wa Kyela. Watu wa Dar wawajue. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu.

Hapo ndipo alipokasirika. Sijamwona akikasirika hivyo tangu nilipokuwa mdogo. Aliweka mwiko chini.

"Usiandike nimetoa. Mimi sikutoa. Anayetoa anaulizwa kwanza, anasema ndiyo au anasema hapana. Mimi niliulizwa na nani? Jina langu liache. Andika la aliyechukua."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, nikawa natafuta tena namna ya kutoka nimependeza. Wizi nataka kuugeuza sadaka, na waliochukuliwa ndio wanisaidie kuugeuza, kwa majina yao. Nadhani kama angekubali ningelala usingizi mzuri leo na nisingejua kamwe nilichofanya.

Nilipoinuka kuondoka alinipa kiroba kitupu kilichokunjwa. Akasema pole yangu ameipokea, lakini pole haibebi mafuta, nisirudi mikono mitupu. Akanisindikiza mpaka barabarani na mwavuli wake, akasimama pale mpaka bodaboda ikakata kona. Mama mdogo ni mtu wa namna hiyo. Anakukasirikia huku anakufunika usilowe.

Kwa hiyo kesho, lori likishaondoka au lisipoondoka, naanzia shuleni. Nitamwomba mwalimu mkuu nisimame tena mstarini, shule zote tatu, niwaambie watoto kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeiba. Kisha mwanawe Mama Tusa nitamfuata mimi mwenyewe, mbele ya mama yake. Baada ya hapo Kasumulu. Malori yanapanga foleni pale mpakani siku mbili, tatu, madereva wanakunywa maji kutwa. Nitaomba kwa kila dirisha. Nitaosha kwa mchanga na maji ya moto, na kila moja nitainusa. Itanichukua mwaka, labda zaidi. Sitapiga picha, na humu sitaandika nimefikisha ngapi.

Naogopa hasa mstarini. Watoto watanitazama kama walivyonitazama siku ile, wengine watapiga makofi kabla sijasema kitu.

Kimebaki kibao.

Nimekaa na simu mkononi tangu niliporudi. Nimeandika kwamba chupa "zilikusanywa", nikafuta. Nimeandika "zilipatikana kwa ushirikiano wa shule", nikafuta haraka zaidi. Kuna maneno mengi sana matamu ya jambo hili, na yote nayajua kwa sababu nimeyatumia humu humu wiki tatu. Nimezipitia picha zangu zote nikayafuta chini yake moja moja. Picha nimeziacha.

Hatimaye nimeandika hivi, bila kupamba:

"Chupa hizi hazikuwa taka. Zilikuwa vyombo vya akina mama wanaouza mawese Kyela. Walikwishaziosha. Niliagiza watoto wao wazilete, nikajua ni za nani, nikazitoboa. Atuganile."

Nimeisoma mara nne. Kisha nimetuma, na chini yake nimeongeza kwamba kama baada ya kusoma hawamtaki tena samaki, waniambie kabla lori halijafika, sitalaumu.

Bado hawajajibu. Ndoto yangu ya miaka yote hiyo iko kwenye simu hii, nimeilaza juu ya meza, kifudifudi, siwezi kuiangalia.

Wanaweza kusema ndiyo, wanaweza kusema hapana. Wao nimewauliza.